Yoshida wa Japani: Mzee Aliyeazima Mkuki wa Adui Wake

Nilipokuwa mtoto wa chuo nilikuwa na tabia ya kujibanza karibu na baraza ya wazee baada ya sala ya alasiri. Sikuwa na ruhusa ya kutia neno, lakini sikio halikatazwi. Wazee wale walikuwa na vita vyao walivyoviita vita vya Mjapani. Walisimulia jinsi Kilindini ilivyojaa manowari za Kiingereza mwaka wa 1942, hata mtu akisimama Likoni akitazama ng'ambo asione maji ila chuma kitupu. Mimi nikidhani wanatia chumvi, kama wazee watiavyo.

Nilipokua nikasoma, niliona chumvi yenyewe ilikuwa kidogo. Mwezi wa Aprili mwaka huo ndege za Kijapani zilipiga Colombo na Trincomalee katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka, na manowari za Kiingereza za Bahari Hindi zikakimbilia kwetu. Katika shule ya Allidina Visram, ambayo wengi wetu tumepita mbele yake maisha yetu yote, waliketi mabwana wa Kiingereza wakifumbua maandishi ya siri ya jeshi la majini la Japani. Na tarehe 12 Februari 1944 meli iliyoitwa Khedive Ismail, iliyong'oa nanga Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa dakika chache tu. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, wakiwamo mamia ya askari wa Afrika Mashariki. Wenzao waliofika salama walikwenda kupigana na Mjapani huyo huyo katika misitu ya Burma.

Swali lililonikaa moyoni tangu siku hizo ni hili: nchi ile ya visiwa, isiyo na mafuta wala chuma cha kutosha, ilipata wapi ujasiri wa kuuleta moto wake mpaka bahari yetu? Na imekuwaje kwamba tangu mwaka wa 1945 nchi hiyo hiyo haijaanzisha vita na yeyote? Jawabu lina mengi, lakini ndani yake yumo mzee mmoja mfupi, mnene, mwenye miwani ya kubana puani na sigara nene mdomoni, jina lake Shigeru Yoshida. Wahenga wetu wametuambia kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Yoshida hakutegemea cha ndugu. Alitegemea cha adui, na nchi yake ikatajirika. Nataka leo tumtazame mtu huyu, tuone kama aliivunja methali ile, au aliikwepa tu na umaskini wake akaachiwa mtu mwingine.

MTOTO WA BABA WAWILI

Yoshida alizaliwa tarehe 22 Septemba 1878. Baba yake mzazi, Takeuchi Tsuna, alikuwa mtu wa siasa kutoka Tosa, na mwaka huo huo alitiwa gerezani kwa kuhusika na njama za kuipinga serikali. Mtoto akapewa rafiki wa baba, Yoshida Kenzo, tajiri wa Yokohama aliyewahi kufanya kazi na kampuni ya Kiingereza ya Jardine Matheson. Kwa desturi ya Wajapani, mtoto wa kulea huchukua jina la mlezi na kuwa mrithi kamili. Mlezi huyo alikufa mwaka wa 1889, na kijana wa miaka 11 akabaki na mali nyingi mikononi.

Tazameni basi malezi hayo. Huku baba mfungwa wa siasa, huku baba mfanyabiashara aliyeishi kwa bandari na kwa Waingereza. Mtu aliyekulia bandarini huijua bahari kwa namna asiyoijua mtu wa bara. Anajua kwamba kila kitu kilicho mezani pake kimevuka maji, na kwamba kuna mtu mahali fulani mwenye uwezo wa kukizuia. Mawazo ya Yoshida juu ya usalama wa nchi yake yote yalitoka hapo, na sisi watu wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

BALOZI ASIYEPENDWA NA WANAJESHI

Mwaka wa 1906 alimaliza masomo katika Chuo Kikuu cha Tokyo, akaingia kazi ya ubalozi. Mwaka wa 1909 alimwoa Yukiko, binti wa Makino Nobuaki, mmoja wa wakubwa waliokuwa karibu na mfalme wa Japani. Miaka mingi ya kazi yake aliipitisha Uchina, na mwaka wa 1925 akawa balozi mdogo mkuu katika mji wa Mukden.

Sitaki kumpamba mtu huyu kwa rangi isiyo yake. Huko Uchina Yoshida hakuwa mtetezi wa wanyonge. Aliamini kabisa kwamba Japani ina haki ya kuitawala Manchuria, na aliwabana Wachina kwa ukali. Ugomvi wake na wanajeshi wa nchi yake haukuwa juu ya haki bali juu ya hesabu. Yeye alishika neno moja: nchi ya visiwa isigombane na wenye bahari. Wenye bahari zama hizo walikuwa Uingereza na Marekani. Mafuta mengi ya Japani yalitoka Marekani yenyewe. Kwenda kupigana na mtu huku taa yako inawaka kwa mafuta yake, Yoshida aliona ni wazimu.

Wanajeshi hawakutaka kusikia hayo. Tarehe 26 Februari 1936 maofisa vijana waliasi mjini Tokyo wakawaua viongozi kadhaa, na Makino, mkwewe Yoshida, alinusurika kwa tundu ya sindano. Baada ya maasi hayo Yoshida alitajwa kuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, lakini jeshi likamkataa. Akapelekwa London kuwa balozi. Huko, serikali yake ilipofanya mapatano na Ujerumani ya Hitler mwezi wa Novemba 1936, yeye alipinga waziwazi. Alirudi nyumbani mwaka wa 1938, na mwaka uliofuata akaacha kazi.

Mwaka wa 1941, Marekani ilipofunga bomba la mafuta na vita vikanukia, alihangaika kwa balozi wa Marekani na wa Uingereza akitafuta njia ya suluhu. Mwezi wa Oktoba mkewe akafariki. Mwezi wa Disemba Japani ikaishambulia Pearl Harbor, na baada ya miezi minne tu moto ule ukafika Ceylon, na hofu yake ikafika Kilindini.

Wakati wazee wetu walipokuwa wakizihesabu manowari, Yoshida alikuwa amekaa nyumbani kwake huku akichunguzwa na polisi wa jeshi, ambao walipenyeza majasusi mpaka ndani ya nyumba yake kwa sura ya watumishi. Mwezi wa Februari 1945 aliyekuwa Waziri Mkuu, Konoe Fumimaro, alimwendea mfalme na waraka wa kumwomba amalize vita kabla nchi haijaangamia, na Yoshida alikuwa na mkono katika waraka huo. Mwezi wa Aprili akakamatwa, akawekwa kifungoni siku 40 hivi. Alikuwa na umri wa miaka 66. Hakujua kwamba siku zile za kifungo ndizo zitakazokuwa cheti chake. Vita vilipokwisha, Wamarekani walimtafuta Mjapani mkubwa asiye na damu ya vita hivyo mikononi, nao hawakuwa wengi.

NCHI YA MAJIVU

Mwezi wa Agosti 1945 Hiroshima na Nagasaki ziliteketezwa kwa mabomu ya atomiki, na Japani ikasalimu amri. Wajapani wapatao milioni 3 walikuwa wamekufa. Miji ilikuwa majivu, na watu waliuza nguo zao kwa viazi. Juu ya wote aliketi Jenerali MacArthur wa Marekani akiamrisha kama sultani.

Katika uchaguzi wa mwaka wa 1946 chama cha Hatoyama Ichiro kilipata viti vingi, lakini kabla Hatoyama hajaapishwa Wamarekani walimpiga marufuku asishike cheo. Chama kikamwendea Yoshida. Akakubali kwa masharti yake: kazi ya kutafuta fedha za chama si yake, asiingiliwe katika kuchagua mawaziri, na siku atakayochoka ataondoka. Hivyo, mwezi wa Mei 1946, mzee wa miaka 67 aliyekwisha kustaafu akawa Waziri Mkuu wa nchi yenye njaa.

Inasimuliwa kwamba alimwomba MacArthur tani milioni 4 na nusu za chakula, akidai kwamba bila hizo watu watakufa. Akapewa tani 700,000, na watu hawakufa kwa wingi ule. MacArthur alipomlaumu kwa hesabu mbovu, mzee alimjibu kwamba laiti hesabu za Wajapani zingekuwa sahihi, wasingethubutu kupigana na Marekani. MacArthur akacheka. Ndivyo alivyokuwa: kibogoyo aliyejua kuitumia hata kasoro ya meno yake.

Mwaka huo huo Japani ilipata katiba mpya, iliyoandikwa hasa na Wamarekani, nayo ikaanza kutumika tarehe 3 Mei 1947. Kifungu chake cha 9 kinasema kwamba nchi imeacha vita daima, na haitakuwa na majeshi ya bara, ya bahari wala ya anga. Katika Bunge kilitokea kioja. Aliyesimama kutetea haki ya nchi kujilinda alikuwa mkomunisti, Nosaka Sanzo. Aliyemjibu kwamba hata vita vya kujilinda ni hatari, kwa sababu kila mchokozi husema anajilinda, alikuwa Yoshida, mzee wa mila za kale. Baadaye alilegeza kauli hiyo, lakini siku ile alikuwa akiyasema aliyoyaona kwa macho yake.

HATARI MBILI

Yoshida alitoka madarakani mwaka wa 1947, akarudi mwezi wa Oktoba 1948, na safari hii akakaa miaka sita. Tarehe 25 Juni 1950 vita vikazuka Korea, ng'ambo tu ya mlango wa bahari. Wamarekani waliokuwa wamemnyang'anya Mjapani upanga wakataka sasa aushike tena. Mjumbe wao, John Foster Dulles, alifika Tokyo akimhimiza Yoshida aunde jeshi kubwa. Mzee akakataa.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu, na naomba msomaji atulie nami. Mnyonge anayekaa karibu na mwenye nguvu ana hatari mbili. Ya kwanza ni kuachwa: siku adui akija, mwenye nguvu ageuze uso. Ya pili ni kuburutwa: mwenye nguvu agombane na watu wake, nawe uchukuliwe ukafe katika ugomvi usiokuhusu. Ukimshika sana akuburuta, ukimwachia sana akuacha. Watawala wengi huiona hatari moja tu. Yoshida alizipima zote mbili kama mwenye duka anavyopima sukari.

Alijua kwamba akiunda jeshi la mamia ya maelfu, siku ya pili litatakiwa Korea. Alijua kwamba wajane na mayatima wa nchi yake walikuwa wakitetemeka wakiona sare ya jeshi. Alijua kwamba majenerali wa zamani walikuwa hai bado, wakingoja mlango ufunguliwe. Alijua kwamba Wakorea, Wafilipino na Waaustralia hawajasahau. Na alijua kwamba nchi yenye njaa ikinunua mizinga haitanunua mashine za viwanda. Basi akaichukua ile katiba waliyomwandikia Wamarekani wenyewe, akaiinua mbele yao kama ngao. Kila walipotaka askari, aliwaonyesha kifungu cha 9.

Lakini hakukataa mpaka akaachwa. MacArthur alipoamuru mwezi wa Julai 1950 kiundwe kikosi cha polisi wa akiba 75,000, alikiunda. Mwanzoni mwa 1951, ili Dulles asirudi mikono mitupu, alimwahidi kwa siri kikosi cha watu 50,000 zaidi. Na liko jambo alilolificha kabisa: mwezi wa Oktoba 1950 mashua za Kijapani zilipelekwa pwani ya Korea kutegua mabomu ya baharini, moja ikalipuka na baharia mmoja akafa. Nchi iliyokuwa imeapa kutokwenda vitani ilikuwa na maiti wake wa vita, na watu hawakuambiwa. Vita hivyo hivyo vilivyowachinja Wakorea vilileta neema kwa viwanda vya Japani. Kampuni ya Toyota, iliyokuwa karibu kufilisika mwaka huo, iliinuka kwa malori yaliyoagizwa na jeshi la Marekani. Mikono safi kabisa haikuwapo.

SAHIHI MBILI SIKU MOJA

Tarehe 8 Septemba 1951, katika mji wa San Francisco, mataifa 48 yalitia sahihi mkataba wa amani na Japani. Warusi walikuja wakakataa kutia sahihi. Wahindi hawakuja. Wachina hawakualikwa. Siku moja kabla, Yoshida alihutubia mkutano kwa Kijapani akisoma kutoka karatasi ndefu iliyoviringwa kama gombo.

Jioni ya siku ile ile ya sahihi alikwenda katika kambi ya jeshi la Marekani mjini humo kutia sahihi mkataba wa pili, ule wa usalama. Kwa Marekani walitia sahihi watu wanne. Kwa Japani alitia yeye peke yake. Inasimuliwa kwamba alimzuia Ikeda Hayato, waziri wake kijana, asiandike jina lake hapo, kwa kuwa mkataba ule ungekuja kuwa laana, na Ikeda alikuwa na maisha mbele yake.

Mkataba wenyewe ulikuwa mchungu. Majeshi ya Marekani yangebaki Japani bila ya muda kutajwa. Yangeweza kuzitumia kambi hizo kwa mambo ya Mashariki ya Mbali yote. Yangeweza hata kuitwa kuzima fujo za ndani ya nchi. Wala hapakuandikwa wazi kwamba Marekani inalazimika kuilinda Japani. Mwezi wa Disemba mwaka huo akabanwa tena, akaandika barua ya kukubali kufanya amani na serikali ya Taiwan wala si Beijing, ijapokuwa moyo wake ulitaka biashara na Uchina bara.

Sisi tuliosoma sira tunaijua suluhu ya Hudaibiya, mwaka wa 6 Hijria, jinsi masharti yake yalivyowachoma Masahaba, kisha ikadhihiri kwamba ndani ya uchungu ule mlikuwa na ushindi. Hasha, simlinganishi mtu wa Japani na Mtume wetu, sala na salamu zimshukie. Nasema tu kwamba msomaji wa Kiislamu hahitaji kufundishwa kuwa mkataba haupimwi siku ya sahihi. Hupimwa kwa yatakayoota baada yake.

Na yaliota mengi. Tarehe 28 Aprili 1952 Japani ikawa nchi huru. Majeshi ya Kujilinda yaliundwa mwaka wa 1954, madogo kuliko walivyotaka Wamarekani, ambao mwaka mmoja kabla walikuwa wakidai askari zaidi ya 300,000. Fedha iliyookolewa ilikwenda viwandani na shuleni. Ikeda, yule aliyezuiwa kutia sahihi, alikuwa Waziri Mkuu mwaka wa 1960, akaahidi kuyafanya mapato ya watu mara mbili katika miaka kumi. Kufikia mwaka wa 1968 uchumi wa Japani ulikuwa wa pili kwa Marekani nje ya nchi za kikomunisti. Vijana wa Kijapani hawakupelekwa kufa Korea, wala baadaye Vietnam.

ALIYEFA MASKINI

Je, methali yetu imeshindwa? Ningesema hivyo, lau nisingeijua habari ya Okinawa.

Okinawa ni kisiwa cha kusini, mkubwa wa visiwa vya Ryukyu, ambavyo vilikuwa na ufalme wao mpaka mwaka wa 1879 Japani ilipoumeza. Mwaka wa 1945 ndipo palipopiganwa vita vikali kuliko vyote katika ardhi ya Japani. Watu zaidi ya 200,000 walikufa, wengi mno wakiwa wenyeji wasio na silaha. Mkataba wa San Francisco uliporudisha uhuru, haukuirudisha Okinawa. Kwa kifungu cha 3 iliachwa mikononi mwa Marekani. Tarehe 28 Aprili, ambayo Tokyo ni siku ya uhuru, Okinawa huitwa siku ya fedheha.

Miaka 20 wenyeji walitawaliwa na wanajeshi, na mashamba yao yakachukuliwa kuwa viwanja vya ndege. Walirudishwa Japani tarehe 15 Mei 1972, wakati wa Sato Eisaku, mwanafunzi mwingine wa Yoshida, lakini kambi hazikuondoka. Hata leo asilimia 70 hivi ya ardhi inayotumiwa na kambi za Marekani peke yao nchini Japani iko Okinawa, kisiwa kisichofika hata asilimia 1 ya nchi. Mzee aliugawa mzigo wa hatari vizuri sana kwa nchi nzima, kwa kuuweka juu ya mabega ya jamaa mmoja asiyekuwapo kwenye kikao. Hapa hesabu yake ilikuwa sahihi, lakini haki haikuwamo. Na sisi tuliofundishwa juu ya mizani tunajua kwamba kupima sawasawa si kuangalia jumla tu, bali ni kuangalia pia sahani ya kila mmoja.

MWISHO WA MZEE

Mwisho wa utawala wake haukuwa mzuri. Alikuwa mtu wa kiburi na ulimi mkali. Mwaka wa 1953 alimtukana mbunge mmoja kwa kunong'ona neno la upumbavu, sauti ikasikika, na Bunge likavunjwa kwa ajili ya neno hilo. Mwaka wa 1954 ilizuka kashfa ya hongo za wenye viwanda vya meli, na serikali yake ikawazuia waendesha mashtaka wasimkamate Sato. Watu walichukia. Mwezi wa Disemba aliangushwa, na Hatoyama, hasimu wake, akaikalia nafasi.

Alistaafu kwake Oiso, pwani ya bahari, na wakubwa wakawa wanamwendea kutaka shauri. Mkataba wa usalama ulirekebishwa mwaka wa 1960 katikati ya maandamano makubwa mjini Tokyo, na safari hii wajibu wa Marekani kuilinda Japani ukaandikwa. Katika uzee huo, mwaka wa 1963, aliandika jambo ambalo wengi wanaomsifu hawalitaji: kwamba nchi iliyokwisha kusimama kwa miguu yake haifai kuendelea kuutegemea ulinzi wa wengine. Yaani yeye mwenyewe hakuufanya mkuki wa kuazima kuwa urithi wa milele. Aliuona kama fimbo ya mgonjwa.

Alifariki tarehe 20 Oktoba 1967, mwenye umri wa miaka 89, akazikwa kwa heshima za taifa. Hakuna Waziri Mkuu mwingine aliyefanyiwa hivyo mpaka Shinzo Abe, aliyeuawa mwaka wa 2022. Na Abe ndiye aliyeanza kuifungua fundo ya Yoshida, pale mwaka wa 2014 serikali yake iliposema kwamba Japani inaweza kumsaidia rafiki aliyeshambuliwa. Mwezi wa Disemba 2022 serikali ya Fumio Kishida iliamua kuipandisha bajeti ya ulinzi mpaka asilimia 2 ya pato la taifa ifikapo mwaka wa 2027, kwa kuihofia Uchina na Korea ya Kaskazini. Wapo Wajapani wanaosema imechelewa, na wapo wanaosema mlango wa majenerali unafunguliwa. Ni mizani ile ile ya mzee, ya kuachwa na kuburutwa, isipokuwa mikono inayoishika ni ya watu wasioiona njaa ya 1946.

Kwetu pia Mjapani amerudi, kwa sura nyingine. Tangu mwaka wa 2009 manowari zake zimekuwa katika Ghuba ya Aden kuzilinda meli za biashara na maharamia, na tangu 2011 ana kituo chake cha kijeshi Djibouti. Gati mpya ya makontena Kipevu, iliyofunguliwa mwaka wa 2016, ilijengwa kwa mkopo wake. Mwaka huo huo Abe alikuja Nairobi, akatangaza kwamba bahari ya Hindi na ya Pasifiki ziwe wazi kwa wote. Nilipozisikia habari hizo niliwakumbuka wale wazee wa baraza, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Walioziona manowari Kilindini wangeuliza swali moja tu: meli hizi zinakuja kwa hesabu ya nani?

Nasi tuna wakubwa wetu wanaotembelewa na mataifa makubwa, huyu akitoa gati, yule akitoa reli, yule akitaka kambi. Chuoni tulifundishwa kwamba mtu humfunga ngamia wake kwanza, ndipo akatawakali. Yoshida hakuwa Mwislamu, lakini alimfunga ngamia wake kwa kamba ya kuazima, kwa sababu siku ile hakuwa na nyingine, na alijua ni ya kuazima. Anayetaka kufuata njia yake na ajiulize mambo mawili kabla ya kutia sahihi: kamba hii nitairudisha lini, na Okinawa yangu itakuwa nani?

Wallahu aalam.